Weka Maji, Usifukue

Nilimvunja mguu buibui wangu kwa sababu watu wa mtandaoni walitaka kujua kama yuko hai. Nimekaa na hii stori karibu miaka mitatu nikiisimulia nusu nusu. Leo naisema yote.

Wale mmenifuata tangu niko Leicester mnamkumbuka Mfalme. Wale wageni, tulieni niwapeleke taratibu, maana hii ni stori ya mnyama anayekua pole pole na mtu aliyekuwa na haraka. Mwenye haraka ni mimi.

Nilienda Uingereza 2019 kusoma. Kabla sijazoea baridi, korona ikaingia. Kufikia Januari 2021 tulikuwa kwenye lokdauni ya tatu: chumba kimoja, dirisha linaloangalia ukuta wa jirani, masomo kwa laptopu. Mwenye nyumba hakutaka paka wala mbwa. Usiku mmoja nikaangukia video za watu wanaofuga tarantula, wale buibui wakubwa wenye manyoya. Mimi, mtoto wa Donholm niliyekuwa napanda kiti nikiona kabuibui ka bafuni, nikajikuta natazama mpaka saa tisa usiku.

Kilichonishika ni kwamba mmoja wa wale wanaosifiwa sana ni wetu. Kisayansi anaitwa Pelinobius muticus. Wafugaji wa huko humwita king baboon, kwa sababu nyayo za jamii yake zinafanana na vidole vya nyani. Kwao ni huku kwetu, Kenya na Tanzania, kwenye nyanda za nyasi na vichaka. Rangi yake ni ya kutu, kama ule udongo mwekundu wa Voi kwa nyanya yangu mzaa mama. Jike akikomaa na akinyoosha miguu, anaweza kufika sentimita 20 kutoka ncha hadi ncha. Hiyo ni sahani. Tena hana zile nywele za kuwasha ambazo tarantula wengi wa Amerika hurusha wakikerwa. Huyu akikasirika anainua miguu ya mbele, anaonyesha meno, halafu anasugua nywele ngumu za miguu yake mpaka zinatoa sauti. Yaani buibui anakufokea!

Wazo langu la kwanza lilikuwa zuri: huyu yuko mbali na kwao, mimi pia. Wazo la pili halikuwa zuri sana: hii ni kontenti. Mkenya anafuga jitu la Kenya kwa baridi ya Uingereza, nani atapita bila kutazama?

Nikaagiza mtoto mmoja aliyezaliwa kwa mfugaji huko huko. Alikuja kwa kuria ndani ya kijichupa cha plastiki kilichojazwa tishu, na nilimtafuta kwenye zile tishu kama dakika kumi. Alikuwa mdogo kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho. Nikamwita Mfalme. Kwenye video ya kwanza nikaahidi, na bado iko mkinitafutia: "Wadau, ndani ya mwaka mmoja mtaona jitu."

Wee.

Kitu cha kwanza Mfalme alichofanya ni kuchimba shimo na kupotea. Hawa ni wa shimo, si wa kutembea tembea kwa kioo wakipigwa picha. Nilikuwa namrushia vinyenje vidogo, na kama nilikuwa na bahati ningeona vijiguu viwili vikivuta kinyenje ndani, basi, imeisha, tuonane wiki ijayo. Mwaka ulipokwisha, akinyoosha miguu yote alienea kwenye sarafu ya shilingi kumi. Wafuasi walinicheka. Mmoja aliuliza kama hilo ni jitu ama ni punje ya ndengu.

Hapa ndipo nilipaswa kusoma vizuri kuhusu mnyama niliyemnunua. Nilisoma baadaye, kwa hivyo wacha niwaambie kile nilichochelewa kujua.

Tarantula haongezeki kidogo kidogo machoni kama mtoto au kama sukuma wiki. Ngozi yake ya nje ni ngumu kama gamba, haivutiki. Kwa hivyo miezi inapita na ukimpima, ni yule yule. Lakini ndani, chini ya lile gamba, anajijengea ngozi nyingine mpya, imekunjwa kunjwa. Ikiwa tayari anaacha kula. Wa shimo wengi hufunga mlango kwa udongo na utando. Halafu siku moja analala chali, anapasua gamba la zamani, na anajichomoa mguu mmoja mmoja kama mtu anayevua glavu nane kwa mpigo. Akimaliza amekuwa mkubwa, lakini ni laini kama uji. Hata meno yake ya sumu huwa meupe, na lazima angoje siku kadhaa yagande kabla ya kula.

Kwa ufupi, kukua kwake kwote kunafanyika wakati hakuna kinachoonekana. Na aina ya Mfalme ni kati ya wale wa pole pole zaidi. Dume hukomaa mapema kuliko jike, halafu hana maisha marefu baada ya hapo. Jike anajivuta, na ndiye anayeishi miaka na miaka.

Sasa turudi kwangu, kwa sababu Mfalme hakuwa peke yake ndani ya kile chumba.

Mwaka wa pili wa chuo nilifeli. Si kufeli kidogo. Niliambiwa nirudie mwaka mzima. Nyumbani sikusema. Mathe alikuwa anapiga simu kila Jumapili baada ya kanisa, na swali lilikuwa moja: "Umefika wapi na masomo?" Nami najibu, "Niko mwaka wa tatu mum, niko fiti." Nilikuwa wa pili, na fiti sikuwa. Kwa simu naona wenzangu tuliosoma nao: huyu amenunua gari, huyu amefungua duka la viatu, huyu amevaa joho. Mimi niko na deni la kodi na buibui wa saizi ya sarafu.

Desemba 2022 Mfalme akafunga shimo. Kabla ya hapo alikuwa amekataa nyenje wawili. Januari ikapita, mlango umefungwa. Februari, umefungwa. Na mimi nilikuwa nimeshajenga ukurasa wangu wote juu yake. Watu wakaanza: "Amekufa, sema ukweli." "Umetuuzia mbuzi kwa gunia." Kuna mmoja aliandika: "Fukua laivu tuone." Ile ilipata moyo nyingi kuliko video yangu yoyote ya mwezi huo.

Nikasema, sawa. Ijumaa moja usiku, Machi 2023, nikaweka simu kwenye stendi, nikachukua kijiko cha chai, nikaanza.

Nilipofika chini nilimwona amelala chali, miguu imeelekea juu. Nikapiga kelele, "Amekufa!" Watu wakaanza kutuma maua. Halafu mguu mmoja ukatikisika. Kumbe tarantula akifa, kawaida hukunja miguu chini ya tumbo. Akilala chali anafanya kazi. Mfalme alikuwa katikati ya kujivua gamba, saa ile ile moja kati ya miezi mitatu ambayo hakupaswa kuguswa, na mimi nimemfungulia paa na kumwashia taa.

Nilijaribu kurudisha udongo. Ukuta wa shimo ukaporomoka juu yake. Mguu wa mbele wa kushoto ulikuwa bado umekwama ndani ya gamba la zamani, ukabanwa, na alipovuta ukakatika.

Damu ya tarantula si nyekundu. Ni majimaji ya kama ubluu, na kwa mnyama mdogo hivyo, matone machache ni mengi. Nilikuwa nimewahi kuona mfugaji mmoja akiziba jeraha kwa unga laini, kwa hivyo nikakimbia jikoni na mikono inatetemeka, nikachukua kornflawa ya mwenzangu, nikapaka pale kwa kijiti cha masikio. Ikashika. Nikamfunika kwa giza, nikakaa sakafuni.

Simu ilikuwa bado inarekodi. Ile laivu ilinipa watazamaji wengi kuliko zote nilizowahi kufanya. Mpaka leo hiyo ndiyo sehemu inayonikaba koo.

Mfalme hakufa. Baada ya wiki kadhaa akakubali nyenje, akamkamata na miguu saba bila shida. Lile gamba nililiokota, nikalilowesha na kulitazama kwa kioo cha kukuzia, maana ukijua pa kuangalia gamba linakuambia kama ni dume au jike. Mfalme alikuwa msichana. Jina sikulibadilisha, tayari nilikuwa nimeshamkosea vya kutosha. Halafu nikampima. Alikuwa ameongezeka vizuri sana, kuliko wakati wowote tangu nimlete. Ile miezi yote tuliyomtukana kwamba amekufa, alikuwa anafanya kile kile tulichomwambia hafanyi.

Jumapili iliyofuata mathe akapiga. "Umefika wapi na masomo?"

Nikamwambia. Nilirudia mwaka. Nimekudanganya miezi kumi na nane. Akanyamaza mpaka nikadhani laini imekatika. Kisha akauliza, "Kwa nini hukuniambia?"

Nikasema, "Mum, kila Jumapili unaniuliza nimefika wapi. Hujawahi kuniuliza kama nimekula."

Haikuwa haki kumwambia hivyo. Yule mama alikuwa amekopa chama nizima kunipeleka huko. Lakini Jumapili iliyofuata alipiga, na neno la kwanza lilikuwa, "Umekula nini?" Nilimaliza ile digrii mwaka huo huo.

Oktoba 2023 nikarudi Nairobi. Mfalme sikuweza kumbeba. Huwezi tu kutia mnyama kwenye begi na kupita naye uwanja wa ndege, hata kama asili yake ni hapa hapa. Nilimwachia rafiki yangu wa darasa, mtu mtulivu, asiye na ukurasa wowote mtandaoni. Nilimwandikia maagizo kwa karatasi. La mwisho nililipigia mstari mara mbili: akifunga shimo, weka maji, usifukue.

Sikujua nimejiandikia mwenyewe.

Januari 2024 matokeo ya KCSE yakatoka. Mdogo wangu alipata D+. Huyu ndiye mathe alikuwa anawaambia watu wa kanisa ati atakuwa injinia. Aliangalia simu, akaingia chumbani, akafunga na ufunguo. Siku ya kwanza tukasema atatulia. Siku ya nne nyumba ilikuwa imejaa. Mjomba ametoka Machakos. Mwalimu jirani amekuja. Mchungaji naye huyo. Kila mtu anagonga kwa zamu: "Toka tuongee." "Wewe ni mwanaume." "Utakaa huko mpaka lini?" Mjomba akasema tuite fundi avunje kitasa.

Nikaona kijiko cha chai. Nawaapia, nilikiona.

Nikamwambia mathe kando, "Naomba wiki moja. Niachie mimi." Alinitazama, nadhani akakumbuka ile simu. Akawapikia wageni chai, wakanywa, wakaenda.

Nilichofanya si kitu kikubwa. Nilikuwa naweka chakula mlangoni mara mbili kwa siku, na maji. Nikipita nakuta sahani iko nje, wakati mwingine imeguswa, wakati mwingine haijaguswa. Usiku nilikuwa nakaa sakafuni kwa korido, mgongo kwenye mlango wake, nacheki mpira kwa simu na kumwambia matokeo. Sikutaja shule. Kabla sijaenda kulala nilikuwa nauliza swali moja tu: "Uko?" Naye anagonga ukuta mara moja. Tulikubaliana hivyo kupitia mlango: asipogonga, navunja.

Nataka hapa mnielewe vizuri, maana najua mtu atatoka na nusu ya hii stori. Kutofukua si kutelekeza. Mfugaji ambaye buibui wake amefunga shimo bado ana kazi: kijisahani cha maji kisikauke, chumba kisipoe, na hakuna mtu wa kuja kutikisa sanduku ati anaangalia. Na binadamu si buibui. Buibui akifunga mlango ni desturi yake. Mtu wako akianza kusema hataki kuishi, hiyo si ya kungoja, ingia, kaa naye, na mtafute msaada siku hiyo hiyo. Mimi nilikuwa nagongewa ukuta kila usiku. Ndio maana niliweza kungoja.

Wiki ya tatu, saa sita usiku, akatoka. Alisimama jikoni akauliza kama kuna mayai. Nikakaanga matatu. Alikula akiwa amesimama. Hakuna aliyesema chochote cha maana, na nadhani huo ndio usiku mzuri zaidi tumewahi kuwa nao kwa ile nyumba.

Miezi kadhaa baadaye rafiki yangu wa Leicester akanitumia picha. Mfalme alikuwa amefunga tena, amefungua tena, na pale kwenye pengo kulikuwa na mguu. Mwembamba, mfupi, rangi imepauka, kama umeazimwa kwa buibui mwingine. Tarantula wanaweza kufanya hivyo: mguu uliokatika hurudi wakijivua gamba, mdogo kwanza, halafu ukaribie saizi yake kwa magamba yanayofuata. Nilimwonyesha mdogo wangu. Aliikuza ile picha, akaitazama kwa muda.

"Kwa hivyo unarudi?"

"Unarudi. Lakini si kwa siku moja."

Hakusema kitu. Wiki hiyo ndiyo aliniambia anataka kujifunza kutengeneza friji. Sai yuko kwa fundi mmoja Eastlands, analipwa nauli na chakula. Siwaambii ameomoka. Hajaomoka. Mjomba bado anauliza amefika wapi.

Nikisimulia habari za Mfalme, kuna swali huwa halikosi: "Bro, huku Kenya naweza pata wapi mmoja?" Jibu langu ni usitafute. Kwanza ni sheria. Ile Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haizungumzii ndovu na simba pekee. Wanyama wa porini wa nchi hii, hata wadudu, huwezi kuwakusanya na kuwafuga bila kibali. Aprili 2025 vijana wawili Wabelgiji walikamatwa Kaunti ya Nakuru wakiwa na malkia wa sisimizi karibu 5,000, wamewatia kwenye vijichupa vyenye pamba. Mahakama iliwapa chaguo: faini ya shilingi milioni moja kila mmoja au miezi 12 jela. Kwa sisimizi! Wengi walicheka. Mimi sikucheka, maana nilijua soko lenyewe, nilishakuwa mteja kwenye upande wake wa halali.

Pili ni hesabu rahisi. Mnyama anayechukua miaka mingi kukomaa hafidiwi haraka. Ukichimba jike mmoja pale kichakani, hujachukua buibui mmoja. Umechukua miaka yote aliyotumia kufika pale, na watoto ambao angezaa. Na uwezekano mkubwa utakuwa umemchimba kwa jembe ama kijiko, kama mimi.

Desemba iliyopita tulienda Voi, mimi na mdogo wangu. Nyuma ya boma la nyanya, karibu na mchongoma, kuna shimo ardhini, duara safi, mdomo wake umezungushiwa utando. Nyanya anasema liko hapo tangu mathe ni msichana, ingawa mwenyewe wa sasa sidhani ni yule yule. Tulichuchumaa pale na tochi. Hatukuona mtu. Mdogo wangu akauliza ni aina gani, nikasema ningelazimika kumtoa ndio nijue.

"Basi wacha," akasema.

Nyanya akatuita kula. Tulipofika mezani alimtazama mdogo wangu juu mpaka chini, nami nikajikaza, nikijua swali linakuja. Akamsogezea sahani ya ugali.

"Kula kwanza, mjukuu wangu. Umekonda."

Kama kuna mtu kwako amefunga mlango mwaka huu, kwa sababu ya matokeo, kazi, mapenzi, chochote, najua umebeba kijiko mkononi. Sote tunacho. Kiweke chini kidogo. Mpelekee maji, na umuulize kama yuko.